Maji ya Bomba Letu Pumwani: Safari ya Ziwa la Sasumua na Nyika za Kinangop

Katika mtaa wetu wa Pumwani kila aamkaye mapema anaijua sauti ya mitungi. Adhana ya alfajiri haijakwisha, na tayari akina mama na vijana wamekwisha kupanga mitungi yao mbele ya bomba, mmoja nyuma ya mwingine. Siku ambayo maji hayakuja, safu hiyo hukaa pale pale mpaka jua lipande, kama watu wanaomngoja karani ambaye hakufika kazini. Mimi mwenyewe ni karani, kwa hiyo mfano huo nautoa kwa haki.

Siku moja ya namna hiyo mwanangu wa miaka saba aliniuliza, "Baba, maji hutoka wapi?" Nikamjibu kwa haraka, "Hutoka bombani." Akatazama bomba, kisha akanitazama mimi, akasema, "Lakini leo bomba lipo, na maji hayapo." Sikuwa na la kumjibu. Nimesoma katika shule ya misheni mpaka nikamaliza sekondari, na nilikariri majina ya mito mikubwa ya dunia na bahari zinazoipokea. Walakini mto uninyweshao mimi na watoto wangu sikuwahi kuuona kwa macho.

Basi likizo yangu ilipowadia nalifunga safari kwenda Njabini, katika Kinangop ya Kusini, ambako baba yangu mdogo ana shamba. Nalikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni swali la mtoto. Ya pili ni kwamba baba mdogo alikuwa amenipigia simu kunitaka niende tushauriane juu ya jambo la shamba, akisema kwamba si jambo la kuzungumzwa kwenye simu.

NJIA YA KUPANDA

Kutoka Nairobi gari hufuata barabara kuu ya Naivasha, likapita Limuru na mashamba yake ya chai, kisha likaendelea kupanda mpaka mahali paitwapo Flyover. Hapo wasafiri wa Njabini huiacha barabara kuu na kushika njia ya kulia. Kuanzia hapo hewa hubadilika. Wale waliokuwa wamefungua vioo huvifunga bila kuambiwa. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alitazama shati langu jepesi, akacheka, akasema, "Kijana, koti lako umeliacha wapi?" Nikamwambia kwamba liko Pumwani. Akasema, "Basi leo usiku utalikumbuka." Nalilikumbuka sana.

Kinangop ni uwanda ulioinuka, wenye urefu wa kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, nao umekaa kama kibaraza katikati ya Bonde la Ufa upande wa magharibi na milima ya Nyandarua upande wa mashariki. Milima hiyo ndiyo ambayo Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita huku katika safari yake ya mwaka 1883 na 1884, aliipa jina la Lord Aberdare. Lakini Wakikuyu walikuwa na jina lao tangu zamani, nao huufananisha mgongo wake na ngozi iliyowambwa ikauke. Kilele kirefu kabisa, Lesatima, kiko kaskazini na kina mita 4,001. Kilele cha Kinangop, kilicho kusini, kina mita 3,906.

Mtu wa mjini akiutazama uwanda huu mara ya kwanza hudhani kwamba hauna kitu. Zamani ulikuwa malisho ya Wamaasai. Baada ya mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao mengi ya Bonde la Ufa na nyanda zake, na walowezi wa Kizungu wakafuga hapa kondoo na ng'ombe. Ilipokaribia siku ya uhuru, na baada yake, mashamba hayo makubwa yalikatwa vipande katika mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962, wakapewa wakulima Waafrika. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Shamba alilolipata ndilo alilorithi baba mdogo.

Miti ya asili ni michache kwenye uwanda wenyewe. Palipokuwa hapajalimwa pana nyasi ngumu zilizoota kwa mashungi, kila shungi limesimama peke yake kama kichwa cha mtu asiyechana nywele, na katikati yake pana unyevu karibu mwaka mzima. Penye mabonde madogo pana vinamasi ambamo mguu huzama mpaka kifundoni. Asubuhi ya miezi ya baridi sakitu huanguka, nyasi zote zikawa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na majani ya viazi yaliyopigwa nayo hugeuka meusi.

ZIWA LENYEWE

Asubuhi ya pili baba mdogo alinipeleka Sasumua. Tulipanda kilima kidogo, na mara nikaliona ziwa chini yetu, limetulia, rangi yake ya kijivu kwa sababu ya mawingu. Si ziwa kubwa. Mtu aliyezoea kuona Naivasha angeliita dimbwi. Upande mmoja pana msitu, na nyuma ya msitu milima imefunikwa na ukungu; upande wa pili pana mashamba ya kabichi na viazi yanayoteremka kuelekea majini. Bata maji walikuwa wakiogelea wawili wawili, na upepo wa huko, usiopumzika, ulikuwa ukikunja uso wa maji.

Ziwa hili halikuumbwa na Mungu peke yake, bali mkono wa binadamu ulisaidia. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuwa na watu wapatao 119,000, na chemchemi za Kikuyu, zilizokuwa zikiunywesha mji tangu mwanzo wa karne ya 20, zilikuwa hazitoshi tena. Hapo ndipo wakuu wa jiji walipoinua macho kuitazama milima hii. Ukuta mkubwa wa udongo ulijengwa kuuzuia mto Sasumua, kazi ikamalizika mwaka 1956. Na kwa kuwa mto huo peke yake ni mdogo, maji ya mto Chania na ya mto Kiburu huletwa kwa njia ya mahandaki yakaongezwa. Bwawa likijaa huwa na maji kama mita za ujazo milioni 16.

Wazee wa huku hawausahau mwaka huo wa 1956 kwa sababu nyingine. Miaka ya kujengwa kwa bwawa ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Katika misitu hii hii wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakijificha, na Dedan Kimathi alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka huo, upande wa Nyeri wa milima ile ile. Na sisi wa Pumwani hatukuwa mbali na jambo hilo, maana mwezi wa Aprili 1954 askari waliizingira mitaa ya mashariki ya Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, wakawachukua maelfu ya watu. Hivyo mlima na mtaa wetu vilifungwa kamba moja hata kabla maji hayajafika.

Maji ya ziwa husafishwa katika mitambo iliyo hapo hapo karibu na bwawa, kisha huingia bombani na kushuka yenyewe zaidi ya kilomita 50 mpaka Kabete. Hakuna injini inayoyasukuma. Mteremko wa nchi hufanya kazi hiyo bure, mchana na usiku. Kutoka huko hugawanywa mjini pamoja na maji ya bwawa la Thika, lililoko Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo nalo hujazwa na mito ya milima hii hii. Kwa hiyo mtu wa Pumwani, au wa Kaloleni, au wa Shauri Moyo, afunguapo bomba lake, asikosee: anakinga maji ya Nyandarua. Wamaasai waliliita eneo la mji wetu Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Mji umebaki na jina, lakini maji yenyewe sasa hutoka mbali.

SIFONGO YA MLIMANI

Nalimwuliza baba mdogo, "Mvua ikikatika miezi mitatu, mbona mto haukauki?" Akasema, "Swali hilo halijibiwi ukiwa umesimama hapa. Kesho panda juu."

Kesho yake nalipanda na kundi la vijana kutoka kituo cha msitu cha Njabini, tukiongozwa na askari wa msitu, kwa maana haifai kuingia huko peke yako. Tembo na nyati wamo. Tuliifuata njia ya kilima kiitwacho Elephant Hill, ambacho mgongo wake ukitazamwa kwa mbali wafanana na tembo. Kwanza tulipita miti mikubwa, kisha mianzi iliyobanana hata jua likawa kama halijatoka. Chini palikuwa na tope, na mavi ya tembo yaliyokuwa bado na joto, jambo ambalo lilitufanya sote tupunguze mazungumzo.

Tulipotoka kwenye mianzi, tukafika kwenye nyika za juu, zaidi ya mita 3,000. Hapa hakuna mti wa kumzuilia mtu upepo. Pana vichaka vyenye majani madogo kama sindano, vimejaa ndevu za kuvu. Pana mashungi ya nyasi makubwa kuliko yale ya chini. Na hapa na pale pamesimama lobelia, mmea wa ajabu uinukao kama nguzo kuliko kimo cha mtu. Mmea huo majani yake yamejipanga kama bakuli, na ndani ya bakuli mna maji. Usiku maji hayo huganda juu na kuufunika moyo wa mmea usife kwa baridi. Nalitia kidole katika bakuli moja nikakitoa upesi.

Hapo nikafahamu maana ya neno la baba mdogo. Nyika hii ni sifongo. Ukungu hupanda kila siku, hunasa kwenye majani na ndevu za kuvu, hudondoka tone kwa tone. Udongo ni mweusi, mwepesi, umejaa mizizi na majani yaliyooza polepole kwa sababu ya baridi. Ukiukamua mkononi hutoa maji. Mvua inyeshapo udongo huo huinywa, kisha huitoa kidogo kidogo kwa miezi mingi, kama mama mwenye busara agawaye unga wa mwezi mzima kwa vipimo. Ndiyo sababu Chania haikauki. Sehemu kubwa ya nyika hizi imo katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1950, na misitu ya chini yake huangaliwa na serikali.

Tulipofika kileleni mawingu yalifunguka kwa muda mfupi. Nikaliona ziwa la Sasumua kwa mbali, dogo kama kioo cha kujitazamia, na mashamba yamelizunguka. Nikajisemea: juu kuna mlinzi, na pale bwawani kuna mlinzi, lakini katikati, penye mashamba, mlinzi ni nani? Ni baba mdogo na jirani zake.

SHAURI LA BABA MDOGO

Jioni hiyo, tukiwa tumeketi karibu na moto, ndipo alipolitoa shauri lake. Katika shamba lake limebaki eneo moja lisilolimwa tangu siku za babu, kama nusu ekari hivi, kando ya kijito kinachoingia mto Sasumua. Pamejaa mashungi ya nyasi na kinamasi. Binti yake wa mwisho ameingia sekondari na karo imekuwa nzito. Jirani yake alikwisha kuchimba mfereji, akakausha kinamasi chake na kupanda viazi, na msimu wa kwanza alivuna vizuri kuliko watu wote.

"Sasa, mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa serikali na umesoma. Niambie, nilime au nisilime?"

Nikamwambia niliyoyajua. Kwamba sheria inakataza kulima mpaka ukingoni mwa mto. Kwamba udongo wa kinamasi ukikaushwa hauna mizizi ya kuushika, na mvua kubwa ikija huteremka nao. Kwamba maji yakifika bwawani yamejaa tope, mitambo hutumia shabu nyingi zaidi kuyasafisha, na tope linalotuama hupunguza nafasi ya maji mwaka hata mwaka. Nikamkumbusha pia mwaka 2003, mvua kubwa ilipouharibu mfereji wa kumwagia maji ya ziada pale Sasumua, na jiji likahangaika.

Nikamweleza na habari ya ndege. Katika nyasi za mashungi huishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na mistari mgongoni, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Haonekani popote duniani ila katika nyanda za juu za Kenya, na Kinangop ndiyo ngome yake kubwa. Hujenga kiota chake chini, ndani ya shungi la nyasi, naye hakai katika shamba lililolimwa. Kila ekari inayogeuzwa kuwa ya viazi humpunguzia makao, hata sasa amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Chama cha Nature Kenya kimenunua vipande vya ardhi huku ili nyasi zibaki.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Ndege huyo namjua tangu utoto, naye ni mzuri. Na tope nimeliona. Lakini nikuulize nawe. Maji haya yakifika kwenu, mwayalipia?"

"Twayalipia, baba."

"Na mimi niyatunzaye hapa juu, nisilime ili ninyi mnywe, nani anilipa? Hata nyumbani kwangu maji nachota kwa punda."

Nalinyamaza. Wasomaji, nasema kweli, nimejibu barua nyingi ofisini, lakini swali hilo sikuwa na faili lake. Ni rahisi kwa mtu wa Pumwani kumwambia mkulima asilime. Maneno hayo hayamgharimu hata senti.

Baadaye nalimweleza kwamba jambo hilo limekwisha kufikiriwa na watu wengine. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao watumiaji wa maji na makampuni huuchangia, ili wakulima wa juu wasaidiwe kutengeneza matuta, kupanda mistari ya majani ya kuzuia udongo, na kuchimba visima vya kukingia mvua. Akasema, "Hilo ni neno la akili. Jirani asiyekuletea kuni asikufundishe kuota moto."

TULIVYOAMUA

Asubuhi tulikwenda kulitazama eneo lenyewe. Tulipima kwa hatua. Upande wa juu, ambao ni mkavu na wenye mteremko mdogo, ni kama robo ya eneo. Tukakubaliana kwamba hapo atalima, lakini kwa matuta yanayokata mteremko, si kwa mistari inayoteremka. Chini ya matuta atapanda safu mbili za majani ya nepia, ambayo yatanasa udongo na pia kulisha ng'ombe wake wawili. Na maziwa huuzwa kila siku, bali viazi huuzwa mara moja, tena kwa bei aitakayo mwenye lori. Kinamasi na mashungi ya kando ya kijito vitabaki kama babu alivyoviacha.

Hesabu tulipoifanya juu ya karatasi ilionyesha kwamba bado karo haikutimia. Kinamasi kingeleta pesa mwaka huu, na nepia italeta polepole. Basi nikamwambia baba mdogo kwamba muhula mmoja wa karo ya binti yake kila mwaka utakuwa juu yangu. Alitaka kukataa, nikamwambia, "Baba, hiyo si zawadi. Hayo ni malipo ya maji." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanishika mkono bila kusema neno.

Sisemi kwamba kila karani wa Nairobi ana baba mdogo Njabini, wala kwamba mshahara wa karani waweza kuzilinda nyika zote za Kinangop. Wakazi wa Nairobi walihesabiwa mwaka 2019 wakawa 4,397,073. Shauri la watu wengi namna hiyo halimaliziki penye moto wa mtu mmoja. Lakini nasema haya kwa pande mbili. Kwa ndugu zangu wakulima wa huko juu: kinamasi mnachokikausha leo ni ghala yenu wenyewe ya maji wakati wa kiangazi, na udongo ukishateremka Sasumua haurudi kwa kuitwa. Na kwa ndugu zangu wa mjini: tusitoe amri kwa watu tusiowashika mkono. Bomba lililofunguliwa likamwaga maji ovyo ni shamba la mtu linalomwagika.

Niliporudi Pumwani nalimkuta mwanangu bombani na mtungi wake mdogo. Siku hiyo maji yalikuwako. Nikamwambia habari ya lobelia na bakuli lake, ya ndege wa manjano, na ya ziwa dogo lililokaa katika baridi. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na babu wa Njabini, yeye ana bomba?"

Nikamwambia kwamba bado hana. Akafunga bomba sawasawa, tukaenda nyumbani.